Kabla ya kutengeneza meza ya kulia, uliza mbao zimetoka wapi

Katika nyumba nyingi za Kahama, Katoro na Geita mjini, watoto hula wakiwa mkekani na kazi za shule huandikia magotini. Mzazi anapoamua kutengeneza meza mwenyewe, sehemu inayomtia hofu ni uso wa juu. Kumbe kazi hiyo si ngumu kihivyo. Kinachohitaji umakini zaidi ni mbao zenyewe.

Shinyanga ilipoteza miti kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha uoto kwa njia ya ngitili. Mbao nzuri za meza mara nyingi husafirishwa kutoka mbali, na bei yake wazazi wanaijua. Ndiyo maana mbao kuukuu kutoka machimboni huvutia: zimekauka, ni nene, na wakati mwingine hutolewa bure.

Hapo ndipo pa kusimama. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke kama mvuke. Benchi au ubao uliokaa mahali pa kuchenjulia au kuchomea dhahabu unaweza kuwa na matone madogo ya zebaki ndani ya nyufa zake. Matone hayo huendelea kutoa mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba, na mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ubongo wa mtoto anayekua, na wa aliye tumboni, ndio unaodhurika zaidi. Kuuosha ubao kwa sabuni hakutoshi, na kuupiga msasa ni kurusha vumbi hilo hewani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauwezi kukukagulia ubao uani.

Vipande vya nguzo za umeme navyo viachwe. Nguzo nyingi hutiwa dawa ya kuzuia mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina aseniki. Usizichonge, wala usizipikie.

Nunua mbao mpya. Fundi atakuambia meza ni mninga, na kwa uzuri hakosei, lakini paina iliyokauka vizuri inatosha kabisa kwa uji na daftari. Mbao nne za inchi moja kwa nane, zikikatwa futi tano kila moja, hutoa meza ya familia. Zipange ndani kwa wiki mbili au tatu zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kisha piga randa kingo mpaka zikikutana mwanga usipenye, paka gundi ya mbao, na uzibane kwa vipande vya mpira wa tyubu na kabari. Ziache mpaka kesho yake.

Kosa la kawaida ni kupigilia uso huo misumari kila mahali. Ubao hutanuka kwa upana wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ukizuiwa, hupasuka, na ufa kwenye meza ya chakula ni nyumba ya makombo na vijidudu. Tumia skrubu kutokea chini, na matundu ya kwenye fremu yawe marefu kidogo kufuata upana wa meza, ili ubao upate pa kuchezea.

Msasa upigwe nje, watoto wakiwa mbali upande upepo unakotoka. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Hatari kubwa ni kwa anayelivuta miaka mingi, lakini siku moja tu inatosha kumwamshia mtoto pumu. Vaa barakoa inayobana, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na badili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Vanishi ipakwe mbali na jiko linalowaka. Meza ilale nje au barazani, isiwe chumba wanacholala watoto, mpaka harufu iishe kabisa. Kwa wanaoikwepa vanishi, nta ya nyuki iliyosuguliwa juu ya ubao mkavu inafaa, ila itahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache.

Maranda yanayobaki ya mbao safi yanaweza kutandikwa kwenye banda la kuku. Ya mbao zilizotiwa dawa yasiende huko, kwani kuku huyadonoa.