Litowa: Ujamaa Uliotangulia Amri

Ukitaja vijiji vya ujamaa, wengi hukumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970: malori, nyumba zilizobomolewa, familia zilizohamishwa kwa amri. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli, ila imefunika historia nyingine, ile ya Litowa, kijiji cha wakulima mkoani Ruvuma, Tanzania. Mwaka 1960 vijana wa chama cha TANU waliingia porini huko kwa hiari yao, wakafyeka na kuanza shamba la pamoja. Njaa iliwashinda, kwa kuwa hawakuwa na chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno. Mwaka uliofuata wakarudi. Kwangu mimi, Litowa inaonyesha kwamba kilichoviangusha vijiji vya ujamaa ni kumnyang'anya mkulima uamuzi. Kulima pamoja hakukuwa na kosa.

Tazama walivyojiendesha. Mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato. Shuleni, kazi ya shamba ilikuwa sehemu ya masomo hata kabla Mwalimu Nyerere hajatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Vijiji vilivyofuata mfano huo viliungana katika Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, iliyofikia kumiliki kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Wapo wanaosema Litowa ilibebwa na misaada na ushauri wa Mwingereza Ralph Ibbott. Kweli alisaidia, lakini alihamia kijijini 1963, akawakuta vijana tayari wako shambani. Wengine husema mfano wa watu wachache haufai nchi nzima. Mbona basi kufikia 1969 Jumuiya ilikuwa na vijiji zaidi ya 15 bila kumswaga mtu?

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja Jumuiya. Mali zake zikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Hoja ya watetezi wa hatua ile ni kwamba taifa changa lilihitaji chombo kimoja cha kuongoza. Hofu ya mgawanyiko inaeleweka, lakini waasisi wa Litowa walikuwa wana-TANU, na hiari waliyoitekeleza ndiyo iliyosisitizwa na waraka wa Ujamaa Vijijini wa 1967. Kwa kuivunja Jumuiya, Chama kilipoteza walimu wake bora, na miaka michache baadaye kikatumia nguvu pale ambapo mfano ungetosha. Anayepanga leo skimu au ushirika wa wakulima aulize kwanza: nani ataamua kilimwe nini, na mapato yagawanywe vipi? Jibu lisipokuwa wakulima wenyewe, mpango huo urudishwe mezani.