Mnasihi wa Afya ya Akili: Jina, Sifa na Wajibu

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kufafanua istilahi zinazomhusu mtu ambaye kazi yake ni kuwasaidia wenziwe waliolemewa na dhiki za moyo na akili kwa njia ya mazungumzo, na ambaye amepewa idhini ya kisheria kuifanya kazi hiyo. Swali lililotusukuma kuandika lilitoka Laela, mji mdogo wa Wilaya ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga.

Muuguzi mmoja wa huko alitengewa chumba katika kituo cha afya ili awe akizungumza na watu kwa faragha. Akaandika kuuliza: juu ya mlango wa chumba hicho paandikwe nini? Mwandishi wa makala haya alimjibu kwa haraka, tena kwa kujiamini kulikopita kiasi, kwamba paandikwe "Mshauri wa Akili". Bango likachorwa. Miezi kadhaa baadaye mwandishi alipita Laela kwa shughuli ya kukusanya msamiati wa kilimo. Alikuta mlango u wazi, muuguzi yumo ndani, na benchi la nje ni tupu. Kina mama waliokuja kupimisha watoto walikaa upande wa pili wa ukumbi, mbali na mlango ule. Mzee mmoja alipoulizwa sababu alijibu: "Mwanangu, mlango ule ukiuingia u mzima, utatoka jina limebadilika."

Kosa hilo halikuwa la muuguzi wala la wagonjwa. Lilikuwa kosa la istilahi, na aliyelitenda ni mwandishi huyu. Kwa hiyo yafaa tulichambue jina hilo neno kwa neno.

1. Akili na afya ya akili

Neno "akili" tumelipata kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina sura mbili zinazopingana. Tukisema "mtoto huyu ana akili" tumemsifu. Tukisema "huyu ni mgonjwa wa akili" tumemtia doa ambalo jamii haimfutii upesi, kwa kuwa msemo huu umeingia mahali pa "kichaa" na "mwenda wazimu" bila kuiacha nyuma aibu ya maneno hayo. Ndiyo sababu "mshauri wa akili" lilisikika Laela kana kwamba ni kifupi cha "mshauri wa wagonjwa wa akili".

Ama "afya ya akili" ni jambo jingine. Hapa neno linalotangulia ni "afya", na afya kila mtu anayo, iwe njema au dhaifu. Hakuna aonaye haya kusema kwamba anakwenda kuangaliwa afya ya macho. Sheria nayo imefuata njia hiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania, Na. 21 ya mwaka 2008, ilichukua nafasi ya sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ambayo jina lake lilitaja maradhi ya akili. Badiliko hilo la jina si pambo. Sheria iitwayo kwa maradhi humtazama mtu baada ya kuugua. Sheria iitwayo kwa afya humhusu hata yule ambaye bado hajaugua.

2. Mshauri au mnasihi?

"Shauri" ni neno lenye kazi nyingi mno. Laweza kuwa wazo la kumfaa mtu, laweza kuwa kesi iliyoko mahakamani, tena laweza kuwa neno la kumtupia mtu mzigo wake, kama tusemapo "shauri yako". Mshauri naye yuko kila mahali: kuna mshauri wa kilimo, wa sheria, wa fedha. Peke yake neno hili halitoshi kuitaja taaluma tunayoizungumzia.

Istilahi iliyoenea zaidi ni "ushauri nasaha". Ilipata nguvu kubwa kutokana na vita dhidi ya UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ilipozinduliwa kampeni ya kitaifa ya kupima kwa hiari, tarehe 14 Julai 2007, karibu kila mwananchi alilisikia neno hilo. Lakini mafanikio hayo yameleta tatizo. Masikioni mwa wengi, kwenda kwa mshauri nasaha ni kwenda kupima damu. Bango la Laela kama lingeandikwa hivyo, huenda lingeondoa shaka moja na kuleta nyingine. Zaidi ya hayo, "shauri" na "nasaha" ni maneno yanayokaribiana sana kwa maana, na kuyaunganisha ni kusema jambo lile lile mara mbili.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "mnasihi" kwa mtu, "unasihi" kwa kazi, na "mnasihiwa" kwa anayehudumiwa. Kitenzi "nasihi" kipo katika lugha tangu zamani, na mnyambuliko wake ni mwepesi. Hata hivyo msomaji aweza kuuliza, na ana haki: je, kunasihi si kumwambia mtu la kufanya? Katika mila zetu kungwi husema na mwari husikiliza. Mnasihi wa taaluma hufanya kinyume chake. Yeye husikiliza zaidi ya anavyosema, huuliza, na humsaidia mtu kuipima njia yake mwenyewe. Basi tunakiri kwamba neno hili litabeba maana ambayo halikuwa nayo zamani. Jambo hili si geni katika lugha yetu. "Mganga" alikuwa mtu wa mizizi na tunguri, na leo serikali humwita daktari mwenye madaraka Mganga Mkuu wa Mkoa, wala hakuna anayestaajabu.

3. Cheti, usajili na leseni

Maneno haya matatu huchanganywa sana. Cheti ni ushahidi kwamba mtu amesoma na kufaulu. Hutolewa na chuo, na akishakipata ni chake maisha. Usajili ni kuandikwa jina la mtu katika daftari la taaluma yake. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi. Hutolewa na chombo cha sheria, huwa na muda wake na masharti yake, na yaweza kunyang'anywa. Mwenye cheti bila leseni ni msomi, hajawa mtendaji.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Sheria yake ya Washauri na Wanasaikolojia, Na. 14 ya mwaka 2014, iliunda Bodi ya kuwasajili watu wa taaluma hizo na kusimamia mwenendo wao. Nchini Marekani jimbo la kwanza kutoa leseni ya namna hii lilikuwa Virginia, mwaka 1976, na la mwisho kutunga sheria yake ni California, mwaka 2009. Huko kila jimbo hutoa leseni yake, na majina hutofautiana: New York na Florida humwita mtu huyu mshauri wa afya ya akili mwenye leseni, ilhali Virginia humwita mshauri wa kitaaluma. Kazi ni ile ile, majina ni mawili. Kumbe hata mataifa yenye vyuo vingi hayajaepukana na taabu ya istilahi.

Kwetu Tanzania kazi ya unasihi hufanywa na watu wa taaluma mbalimbali: wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, walimu, wanasaikolojia na viongozi wa dini. Muuguzi wa Laela ana leseni, lakini ni leseni ya uuguzi, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Hata mganga wa tiba asili anatakiwa kusajiliwa kwa Sheria ya mwaka 2002. Kwa hiyo maneno "mwenye leseni" yasibandikwe kila mahali kwa kutaka heshima. Muuguzi aliyejifunza unasihi aweza kusema kwamba anatoa unasihi. Akijiita "mnasihi mwenye leseni" kwa sababu tu ana leseni ya uuguzi, atawapotosha wanaomwamini.

4. Sifa za mnasihi mwenye leseni

Ingawa masharti hutofautiana baina ya nchi na nchi, mambo makuu ni manne.

(a) Elimu. Katika majimbo ya Marekani hudaiwa shahada ya uzamili. Masomo yake ni pamoja na ukuaji wa binadamu, dalili za maradhi ya akili, mbinu za mazungumzo na miiko ya kazi.

(b) Mazoezi chini ya msimamizi. New York hudai saa 3,000. Mtu akifanya saa 30 kwa juma, hiyo ni kazi ya majuma 100, yaani karibu miaka miwili. Hizi si saa za kusoma vitabu. Ni za kufanya kazi na watu huku mwenye uzoefu akikukagua, kama mwanagenzi afanyavyo mbele ya fundi wake.

(c) Mtihani wa kuingia katika taaluma, ulio mbali na mitihani ya chuo.

(d) Mwenendo. Anayeomba leseni huchunguzwa, na akishaipata hutakiwa kuendelea kujifunza.

5. Wajibu wake

Wajibu wa kwanza ni kusikiliza na kutathmini: kujua tatizo ni nini, limeanza lini, na kama lina hatari. Wa pili ni kupanga na mnasihiwa, wala si kumpangia. Wa tatu ni kuweka kumbukumbu zilizo sahihi.

Wa nne ni kutunza siri, na hapa tutakaa kidogo. Wahenga walisema mficha uchi hazai; lakini hakuna atakayefunua lililomo moyoni kama hana hakika litabaki pale pale. Katika mji mkubwa siri ina nafasi ya kujificha. Laela, muuguzi na mgonjwa hukutana sokoni na kanisani, na watoto wao husoma darasa moja. Hapana budi, basi, mnasihi aeleze tangu mwanzo mipaka ya siri hiyo. Hatasema kwa jirani, wala kwa mume au mke. Lakini ikiwa maisha ya mtu yamo hatarini, au mtoto anateswa, hataweza kunyamaza; Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Anayeambiwa haya kabla ya kusema huchagua mwenyewe la kusema. Anayeambiwa baadaye hujiona amesalitiwa.

Wa tano ni kujua kikomo. Mnasihi haandiki dawa. Anapoona dalili zinazomzidi, humpeleka mtu kwa daktari wa magonjwa ya akili. Kitendo hicho huitwa rufaa, neno ambalo mahakamani lina maana nyingine. Wa sita ni kujizuia: asikopeshane na mnasihiwa, asifanye naye biashara, asiwe na mapenzi naye.

Wa saba ni kutodharau imani ya mtu. Jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni kuutupa uchawi. Mtu akija na kusema amerogwa, mnasihi hamcheki wala hamthibitishii. Humuuliza usingizi wake ukoje, chakula, shamba na ndoa yake vikoje, na huanzia hapo.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Unasihi: huduma ya mazungumzo ya kitaaluma ya kumsaidia mtu aielewe na kuikabili dhiki yake.
Mnasihi wa afya ya akili: mtu mwenye elimu na mazoezi ya kutoa huduma hiyo.
Mnasihi mwenye leseni: mnasihi aliyeruhusiwa na chombo cha sheria kinachosimamia kazi hiyo hiyo.
Mnasihiwa: mtu anayepewa unasihi.
Mazoezi simamiwa: kazi ya mwanagenzi chini ya uangalizi wa mwenye uzoefu.
Miiko ya kazi: mambo ambayo mwanataaluma hatakiwi kuyavunja.
Rufaa: kumpeleka mnasihiwa kwa mtaalamu mwingine.

Hitimisho

Bango la Laela liliteremshwa. Safari hii muuguzi hakutuandikia sisi kwanza. Aliwauliza kina mama wa kliniki. Wao wakachagua "Chumba cha Mazungumzo", na chini yake, kwa herufi ndogo, pakaongezwa "Unasihi na Afya". Ametuarifu kwamba watu wameanza kuingia, mmoja mmoja, wengi wao jioni wakati ukumbi umepungua watu.

Funzo tulilolipata ni kwamba istilahi ya kitabuni na jina la mlangoni si lazima liwe neno moja. Ya kwanza hutakiwa iwe sahihi. La pili hutakiwa limruhusu mtu kuingia. Tunawaomba wasomaji walioko vituo vya afya, mashuleni na vijijini watuletee maneno yanayotumika kwao kwa huduma hii, pamoja na yale ambayo watu wanayaogopa. Hayo ya pili tunayahitaji zaidi.