Je, Wajua? Jibu la Jumatatu halisemi lolote kuhusu Jumamosi

Kondomu ikipasuka Jumamosi usiku, ukawahi Hospitali ya Wilaya ya Hai, pale Bomang'ombe, Jumatatu asubuhi, kipimo cha VVU kitaeleza hali yako ya kabla ya usiku ule tu.

Sababu ni hii: kipimo cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe. Unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kitepe, na kitepe kinasaka kingamwili. Mstari mmoja maana yake hazijaonekana. Mwili huchukua siku 23 hadi 90 kuzitengeneza za kutosha, kwa hiyo rudia kupima miezi mitatu ikitimia. Kipimo cha kujipima kwa majimaji ya ufizi nacho ni hivyo hivyo. Kile cha maabara kinachosaka pia antijeni za kirusi, kwa damu ya mshipa, huaminika baada ya siku 45.

Hata hivyo, Jumatatu hiyo nenda, tafadhali! Kabla ya saa 72 kupita, dawa za PEP, zinazomezwa kwa siku 28, zinaweza kuzuia maambukizi, na kila saa ina thamani. Ukizimeza, muulize mhudumu tarehe ya kurudia, kwani zinaweza kuchelewesha jibu. Katika kipindi chote cha kusubiri kurudia kupima tumia kondomu: aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi mno, hata kitepe kikionyesha mstari mmoja.

Vijana nao wajue: tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi.