Lugha ya watu wengi, mikono michache

Mwaka 2006 mtafiti Jakob Nielsen alieleza hesabu inayorudiwa hadi leo: katika watu 100 wanaotumia mahali pa intaneti palipo wazi kwa michango ya wote, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 hubeba sehemu kubwa ya kazi. Si sheria ya fizikia, lakini inasaidia kufikiri. Kwa Kiingereza, huyo mmoja katika mia akijumlishwa anakuwa umati mzima. Ndani yake yupo anayejua magonjwa ya mihogo, yupo wa soka, yupo hata anayeona raha kusahihisha koma za wenzake. Kwa lugha nyingine, umati huo unaenea katika teksi moja, na abiria hao ndio wanaotakiwa kuandika habari za mihogo na soka, kisha wakaguane.

Lugha ya namna hiyo si lazima iwe na wasemaji wachache. Kiswahili kina wasemaji makumi ya mamilioni, na Lingala pia haina uhaba wa vinywa. Ila maandishi hayahesabu vinywa. Yanahesabu watu wenye simu, wenye mega, wenye saa moja ya bure, na waliozoea kuandika katika lugha yenyewe. Hapa kwetu Kongo sharti hili la mwisho ndilo linalowaacha wengi nje. Mtoto husoma kwa lugha ya taifa miaka ya kwanza ya shule ya msingi, kisha Kifaransa kinachukua nafasi yote. Mtu anayeweza kueleza umeme wa Inga kwa aya tano zilizonyooka ataeleza kwa Kifaransa, maana ndivyo alivyofundishwa na ndiko waliko wasomaji. Nani atamlaumu?

Tazama Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Ukifungua makala zake ovyoovyo, hukawii kuangukia kata ya Tanzania: jina la kata, wilaya yake, mkoa wake, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Ni maelezo ya kweli na yana faida. Lakini makala hizo zimetoka katika kalibu moja, na kwetu sisi wanaisimu hapo ndipo shida inapoanza. Anayekusanya matini hizo kama kopasi na kuhesabu maneno ataona "kata", "wilaya" na "wakazi" yakipanda juu kuliko yanavyopanda katika midomo ya watu. Atadhani amepima Kiswahili, kumbe amepima kalibu.

Mikono ikiwa michache, kosa nalo hukosa wa kulikamata. Agosti 2020 ilifichuka kwamba karibu thuluthi moja ya Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti, iliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto wa miaka 12, akachukua Kiingereza na kukibandika tahajia na maneno ya kamusi. Makala zake zilizidi 20,000. Hakuwa na nia mbaya, na sensa ya 2011 ilikuta watu zaidi ya 1,500,000 waliosema wanaizungumza lugha hiyo! Miaka ilipita bila wa kutosha kuingia kusoma na kusema: hapana, hivi hatusemi.

Kalaallisut ya Greenland, kisiwa chenye wakazi wapatao 57,000, ilifika mbali zaidi. Makala nyingi ziliwekwa na watu wasioijua lugha, kwa msaada wa mashine za kutafsiri, hata msimamizi wake mwenyewe akaomba Wikipedia hiyo ifungwe, na mwaka 2025 ombi likakubaliwa. Hoja yake ilikuwa nzito: mashine hujifunza lugha kutokana na maandishi ya intaneti. Mashine ikiandika vibaya, mashine ijayo itajifunza ubaya huo na kuuandika tena. Kiingereza kina maandishi mengi mno ya kuzamisha makosa kama hayo. Lugha yenye kurasa chache haina kinga hiyo.

Zawadi je? Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Wikipedia kwa Kiswahili, na kulikuwa na kompyuta za kushindania. Makala ziliongezeka. Ila zawadi hununua makala. Haimnunui mtu wa kurudi mwaka ujao kuisahihisha.

Halafu kuna swali letu wenyewe. Wikipedia hiyo moja ni ya wote, kwa Kiswahili sanifu. Anayeandika "batoto" kama inavyosemwa Lubumbashi atasahihishwa, na kwa kanuni za pale ni haki. Basi Kiswahili cha Katanga hakiingii katika matini, hakiingii katika mashine, na mzungumzaji wake akiitumia mashine hiyo atajibiwa kama mgeni.

Kwa wenzangu wanaotafuta data ya mémoire: kabla ya kunakili kurasa hizo, fungua historia ya kila makala na uhesabu ni watu wangapi walioigusa. Ukimkuta mmoja tu, unachochunguza ni Kiswahili cha mtu mmoja. Kiandike hivyo katika sura ya mbinu.