Uhandisi Kampala: Utafiti Huanza Kabla ya Joho

Novemba 2011, gari dogo la kijani lenye viti viwili liliingia barabarani katika Chuo Kikuu cha Makerere bila mngurumo wala moshi. Gari hilo, Kiira EV, lilitumia betri, na chaji moja ilikadiriwa kulifikisha kilomita 80 hivi. Waliolitengeneza ni wahadhiri wakishirikiana na wanafunzi wao wa uhandisi.

Ujuzi huo haukupatikana kwa mihadhara peke yake. Kabla ya hapo, wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki kuunda Vision 200, gari la mradi ulioanzishwa na wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, na kukusanya vijana wa vyuo vingi duniani. Kisha wakaamua kuunda la kwao. Mradi wa Kiira EV ndio uliozaa Kiira Motors, kampuni ya serikali ya Uganda, ambayo mwaka 2016 ilionyesha basi la Kayoola lililosaidiwa na nguvu za jua.

Kwa kawaida, mwanafunzi wa uhandisi hukutana na utafiti katika mradi wa mwaka wa mwisho. Wengi huufanya ili wapate alama, ripoti ikapigwa jalada na kuwekwa kabatini. Wachache huanza na tatizo linalowauma.

Brian Gitta, ingawa si wa uhandisi, alianza hivyo. Akisoma sayansi ya kompyuta Makerere, aliugua malaria, akachomwa sindano mara kadhaa bila vipimo kuonyesha kitu. Yeye na wenzake wakabuni Matibabu, kifaa kinachobana kidole na kupima bila kutoa damu. Kimelea cha malaria hula himoglobini na kuacha chembe zenye chuma. Kifaa hupitisha mwanga mwekundu kwenye kidole, na sumaku husaidia kuzibaini chembe hizo. Mwaka 2018 Gitta, akiwa na umri wa miaka 24, alitwaa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Hakuna Mganda aliyewahi kuipata kabla yake.

Hata hivyo, tuzo si kibali cha hospitali. Kifaa cha tiba hupimwa kwa wagonjwa wengi na kukaguliwa na mamlaka, kazi ambayo haimalizwi na muhula mmoja wala mfuko wa mwanafunzi.

Ndiyo maana ni heri kujiunga na kazi inayoendelea. Mradi wa AirQo, ulioanzishwa Makerere mwaka 2015, hupima vumbi na moshi wa jiji kwa vifaa vilivyotengenezwa hapohapo, vingine vikifungwa kwenye bodaboda. Mradi wa namna hiyo unahitaji watu wa kuunganisha saketi, kuandika programu na kuchambua takwimu.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili asisubiri tangazo ubaoni. Amfuate mhadhiri, aulize maabara inashughulikia nini, kisha aombe kazi, hata ya kulehemu nyaya.