Tela dogo la mizigo

Tela dogo la mizigo (pia: trela dogo) ni chombo cha magurudumu kisicho na injini ambacho hukokotwa na gari, trekta au pawatila. Hutumika kubebea mazao, mbao, maji, vifaa vya ujenzi na mashine kama pikipiki ya magurudumu manne.

Katika kuchagua tela, swali la kwanza ni uzito ambao chombo kinachokokota kinaweza kuusimamisha, si ule kinaoweza kuuvuta tu. Injini inaweza kuvuta mzigo ambao breki za chombo hichohicho haziwezi kuuzuia kwenye mteremko.

Uzito wa jumla na uzito wa mzigo

Tela lililotengenezwa kiwandani huwa na kibao kinachoonyesha uzito wa jumla unaoruhusiwa, yaani uzito wa tela lenyewe pamoja na mzigo wake. Uzito wa mzigo hupatikana kwa kutoa uzito wa tela tupu. Kwa mfano, tela lenye uzito wa jumla wa kilo 750 ambalo likiwa tupu lina kilo 230 linaweza kubeba kilo 520.

Tela hilo linatosha kwa magunia matano ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Linatosha pia kwa pikipiki moja ya magurudumu manne yenye kilo 320. Pikipiki mbili za aina hiyo zina kilo 640, hivyo zinazidi kiwango hata kama zote zinaenea kwenye sakafu ya tela. Kwa sababu hiyo ukubwa wa sakafu peke yake si kipimo cha kutosha.

Matela mengine hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa kutumia ekseli za magari ya zamani. Kama hayana kibao, uwezo wake hukadiriwa kwa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: ekseli, springi, matairi, mkono wa tela au kiungo cha kukokotea.

Mpangilio wa mzigo

Tela la ekseli moja hutulia barabarani kama sehemu kubwa kidogo ya uzito iko mbele ya ekseli. Kwa matela yanayokokotwa na gari, kanuni inayotumika sana Marekani ni kwamba mkono wa tela ulalie kiungo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Ulaya hutumia kiasi kidogo zaidi. Kwa tela la kilo 750, asilimia 10 ni kilo 75. Uzito huo unaweza kupimwa kwa kuweka ncha ya mkono juu ya mizani ya kupimia mazao, tela likiwa limelala sawa.

Mzigo ukizidi nyuma, mkono huinuka na tela huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukizidi mbele, nyuma ya gari hukandamizwa na magurudumu yake ya mbele hupungukiwa na uzito, hivyo usukani na breki hudhoofika.

Pikipiki ya magurudumu manne hupandishwa kwa mbao au vyuma imara vilivyofungwa kwenye tela ili visiteleze. Ikishapanda hufungwa kwa mikanda pande nne. Breki yake ya kuegeshea peke yake haitoshi kuizuia isisogee.

Ekseli, matairi na breki

Tela la ekseli moja ni jepesi, bei yake huwa nafuu na linaweza kusukumwa kwa mikono. Tela la ekseli mbili hutulia zaidi na halianguki upesi tairi likipasuka, lakini ni zito na matairi yake husagika zaidi kwenye kona. Ni faida tela likitumia matairi ya kipimo kilekile cha gari, kwa sababu tairi moja la akiba linaweza kutumika kwa vyote viwili.

Katika nchi nyingi za Ulaya tela lenye uzito wa jumla usiozidi kilo 750 linaweza kukosa breki zake lenyewe. Hata hivyo nishati ambayo breki lazima ziiondoe hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, huongezeka mara 2.25.

Tela la pawatila lina hatari yake. Pawatila nyingi hupinda kwa kuachia klachi ya gurudumu la upande mmoja. Kwenye mteremko mkali gurudumu lililoachiwa huzunguka kwa kasi zaidi badala ya kupungua, hivyo chombo huelekea upande usiotarajiwa. Kwa hiyo tela la pawatila linahitaji breki zake, na mteremko hushukwa kwa gia ndogo.

Mfano wa Songea

Msamala ni kata ya Manispaa ya Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, unaojulikana kwa kilimo cha mahindi. Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, wakati ambapo barabara za udongo huteleza na tela zito husukuma chombo kinachokokota.

Mji wa Songea uko kwenye kimo cha takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Barabara inayopitia Mbinga hushuka hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475. Tela linalotoka Msamala kwenda ziwani hushuka zaidi ya mita 700 kwa jumla, kwa hiyo hapo breki ni muhimu kuliko nguvu ya injini.

Sheria

Nchini Tanzania tela linalokokotwa na gari barabarani husajiliwa na hupewa namba yake. Huhitaji pia taa za nyuma, za breki na za kuonyesha upande wa kupinda. Magari yenye uzito kuanzia tani 3.5 hutakiwa kupita kwenye mizani ya barabarani. Pawatila na tela lake kwa kawaida huwa chini ya kiwango hicho, hivyo anayepakia ndiye anayebaki na wajibu wa kujua uzito wa mzigo.