Damu itupwayo kila mwezi yatafutiwa siri ya maumivu ya wanawake

Na Mwandishi Wetu

Tulipokuwa shule ya bweni alikuwapo mwenzetu mmoja ambaye kila mwezi, kwa siku mbili au tatu, hakuonekana darasani. Alilala sakafuni, kwa kuwa saruji ilikuwa baridi kuliko godoro, amejikunja na jasho likimtiririka. Mlezi wa bweni alimpa vidonge viwili vya kutuliza maumivu pamoja na maneno yale yale: kwamba ndivyo wanawake walivyoumbwa, na kwamba akishazaa yatakwisha. Hayakwisha. Alikuwa na umri wa miaka 29, ameolewa na hajajaliwa mtoto, siku daktari alipompasua na kumtajia kwa mara ya kwanza jina la maradhi yake: endometriosisi.

Jina ni geni, lakini maradhi si mageni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba yanampata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, yaani wanawake na wasichana wapatao milioni 190 ulimwenguni kote.

Ndani ya mji wa mimba mna utando laini ambao kila mwezi hunenepa ukijitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotunga, utando humomonyoka na kutoka pamoja na damu, ndiyo hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, nyama inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, kwenye mirija ya uzazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Nayo hutii homoni zile zile. Hunenepa, ikavuja damu, ila damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hubaki ndani ikichoma, ikitia makovu na kuvigandisha viungo ambavyo vilipaswa kuteleza kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana mgonjwa huumia wakati wa hedhi, pengine wakati wa kwenda haja au wa tendo la ndoa, na ndiyo maana wengine hukosa kushika mimba.

Kuyatambua ni kazi. Picha za mawimbi ya sauti huonyesha uvimbe mkubwa, lakini vidoa vidogo vilivyotapakaa ndani ya tumbo mara nyingi havionekani. Kwa miaka mingi njia ya uhakika ilikuwa kumlaza mgonjwa usingizi wa dawa, kumtoboa tumbo na kupenyeza kamera. Ni wazi kwamba hakuna daktari atakayekimbilia kisu kwa sababu ya binti anayelalamika tumbo, wala mzazi atakayekubali kwa urahisi. Hivyo miaka hupita. Hata katika nchi tajiri mgonjwa huweza kuhangaika miaka saba au zaidi kabla ya kuambiwa ana nini.

Hapo ndipo mabingwa kadhaa walipoanza kujiuliza swali ambalo, ukilifikiri, lingepaswa kuulizwa zamani. Ikiwa maradhi haya yanahusu utando wa mji wa mimba, na utando huo hutoka wenyewe kila mwezi bila kisu wala sindano, kwa nini usichunguzwe huo?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1927 daktari mmoja wa Albany, katika jimbo la New York, Marekani, aitwaye John Sampson, alieleza kwamba wakati wa hedhi sehemu ya damu haiteremki bali hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika ndani ya tumbo, ikichukua vipande vya utando vinavyoota huko. Maelezo yake yaliaminiwa sana. Lakini mwaka 1984 uchunguzi wa daktari Jouko Halme ulionyesha kwamba damu hurudi nyuma kwa wanawake karibu 90 katika kila 100 ambao mirija yao haikuziba. Ikiwa karibu wote hurudisha damu, mbona anayeugua ni mmoja kati ya kumi? Lazima basi iwepo tofauti nyingine, ama katika damu hiyo yenyewe, ama katika mwili unaoipokea.

Watafiti wa taasisi ya Feinstein, katika mji wa Manhasset karibu na jiji la New York, walianza mwaka 2013 kuitafuta tofauti hiyo. Christine Metz na Peter Gregersen, wanaoongoza kazi hiyo, waliwaomba wanawake wenye maradhi na wasio nayo wakinge damu ya hedhi nyumbani kwao na kuituma maabara. Mwaka 2018 walitangaza waliyoyaona. Chembechembe za utando zilizokuzwa kutoka kwa damu ya wagonjwa zilikuwa nzito kubadilika zinapoamriwa na homoni zijitayarishe kwa mimba. Pia aina fulani ya askari wa mwili, ambao kwa kawaida hujaa katika mji wa mimba, walikuwa wachache. Mwaka 2022 walichambua damu hiyo chembe moja moja, wakaona dalili zile zile. Tumaini lao ni kwamba siku moja binti wa miaka 16 atatoa chupa ndogo badala ya kupasuliwa. Tumaini si kipimo. Kazi hiyo bado inahitaji kuthibitishwa kwa wanawake wengi zaidi, wa mataifa mbalimbali.

Tukumbuke kwamba tunachokiita damu ya hedhi si damu tupu. Mna utando, ute na chembechembe hai za namna nyingi. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliohusu pia kazi ya polisi ya kutambua madoa ulikuta ndani yake protini 385 ambazo hazikuonekana katika damu ya mshipani wala katika ute wa ukeni. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walikuza kutokana na hedhi vijitando vidogo mno vinavyofanana na utando wa mji wa mimba, ili wapate kujifunza bila kumkata mtu. Na mwanzoni mwa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba serikali ya Marekani imeruhusu pedi yenye karatasi maalumu ya kunasa damu, ambayo hupelekwa maabara kupimwa sukari ya miezi iliyopita.

Mbona basi tumechelewa? Aibu, nadhani, ndiyo jibu kubwa. Nilipoitaja mada hii katika chumba chetu cha habari, wenzangu wawili wanaume walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nje. Lakini hata wanasayansi hawakusalimika: hadi mwaka 2023 ndipo ilipochapishwa kazi ya watafiti wa Marekani ya kupima kwa damu ya binadamu uwezo wa pedi na vikombe vya hedhi. Kabla ya hapo vipimo vilikuwa vikifanywa kwa maji au maji ya chumvi.

Kwa Mwafrika kuna kosa jingine juu ya hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita vitabu vya udaktari viliyaeleza maradhi haya kuwa ya wanawake Wazungu wenye kisomo na fedha waliochelewa kuzaa. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago alionyesha kwamba wanawake weusi wengi walikuwa nayo, ila walikuwa wameandikiwa uambukizo wa nyonga, ugonjwa ambao watu huuhusisha na uzinzi. Mtu akaumwa, akasingiziwa na juu yake.

Nasi tunao mashahidi wetu. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani kueleza jinsi alivyopasuliwa mara nyingi. Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai, ambaye maradhi yalimfika hadi mapafuni, alifariki dunia mwezi Juni 2024.

Nilimweleza shangazi yangu, ambaye amewacheza wali wengi kwetu, habari za damu inayotumwa maabara. Yeye amefundisha maisha yake yote kwamba kitambaa cha mwali kisianikwe hadharani, kisije kikaokotwa na mwenye nia mbaya. Nilidhani atanikemea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwenyewe huombwa ruhusa kwanza. Nikamwambia huombwa. Basi, akasema, hiyo si kuokotwa.

Na yule mwenzangu wa bwenini? Hana mtoto hadi leo, na dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi yake haijapatikana. Hupewa za kutuliza maumivu na za homoni. Mwaka huu binti wa dada yake, mwenye miaka 15, naye alianza kulala sakafuni. Maradhi haya hupenda kufuata ukoo. Safari hii hakuambiwa asubiri kuzaa. Alipelekwa kwa daktari akiwa na daftari ambalo shangazi mtu alikuwa amelijaza kwa miezi minne: siku ya kuanza, siku ya kwisha, mahali panapouma, na siku alizokosa shule.